Upinzani, semeni ndiyo au hapana

Mhariri,

Chama cha upinzani kinachosema "tunaunga mkono muswada, ila tuna wasiwasi nao" hakijasema kitu. Siku ya kura baadhi ya wabunge wake wako kantini, wengine wamekaa ukumbini kimya, na jioni msemaji anaita waandishi kueleza kwamba huo ulikuwa mkakati. Mkakati gani?

Silaha mnazo: bajeti mbadala, maswali kwa mawaziri, hoja ya kutokuwa na imani na serikali. Hata mkijua kura hazitoshi, daini kura ya wazi, kila mbunge aitwe kwa jina lake na jibu lake liingie kwenye kumbukumbu rasmi. Kushindwa kwa namna hiyo si aibu. Mpigakura anabaki akijua nani alisimama naye.

Naielewa hofu ya kuitwa wasaliti au wapinga maendeleo. Lakini mtaitwa hivyo hata mkinyamaza! Na wakati mnahangaika kumridhisha kila mtu, wafuasi wenu wa zamani wameanza kuulizana safari hii wampe nani kura. Mimi ni mmoja wao.

Mpigakura aliyechoka kungoja