Barua kwa shoga yangu, kabla mama hajakuhadithia

Aurora, Colorado
Oktoba

Shoga yangu,

Assalamu alaikum. Barua hii anakuletea mama mwenyewe. Nimeifunga kwa gundi kisha nikaizungushia selotepu, kwa sababu humu ndani yumo yeye. Najua ukishamwekea chai tu ataanza kukusimulia alivyozungushwa siku saba ndani ya gari kama gunia la machungwa ya Muheza. Isome kwanza, ndiyo umsikilize.

Uliniuliza kwenye simu, tena kwa kicheko, mtu mwenye nyumba yake anakodi gari la kulala ili iweje. Sababu ni yeye. Magoti yake hayawezi kukunjwa ndani ya gari dogo kutwa nzima, na vyakula vya njiani hali. Kila nyama lazima aulize kachinja nani. Baba watoto akasema basi, tukodi jiko liende naye.

Gari lenyewe wenyeji wanaliita RV. Chukua lori dogo, nyuma yake jenga nyumba: urefu mita saba na nusu, kitanda kimoja juu ya kichwa cha dereva, kingine nyuma, meza inayogeuzwa kitanda usiku, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Leseni ya kawaida inatosha kuliendesha. Linakunywa robo lita ya petroli kila kilomita, na mwenye gari anakutoza tena kwa masafa, kwa hiyo usije ukadhani ni safari ya bei poa. Mama aliingia, akafungua kabati moja moja, akafungua mlango wa choo, akapima kwa hatua kutoka pale mpaka jikoni. Hatua mbili. Akashuka. "Mimi humo sendi. Huyu anakaanga samaki, yule yuko pale?" Na hakwenda, wallahi. Kila kambi alitoka na kanga yake kichwani na tochi mkononi kutafuta vyoo vya nje.

Kazi ya choo ilimwangukia baba watoto. Chini ya gari kuna matangi: la maji safi, la maji ya kuoshea vyombo na kuogea, na lile jingine. Kila baada ya siku mbili tatu unakwenda penye shimo maalumu, unavaa glavu, unaunga bomba nene, unafungulia lile jingine kwanza, halafu la maji ya vyombo lije lisafishe bomba. Siku ya kwanza alikosea, akaanza na la vyombo. Sitakuandikia zaidi, kuna watu wanakula.

Tulilala kwanza Great Sand Dunes. Vilima vya mchanga, kimoja kina zaidi ya mita 200 kutoka chini hadi kileleni, na nyuma yake milima mitupu. Mama alishuka, akachota mchanga, akaumwaga, akageuka huku na huku. "Bahari iko wapi?" Hakuna bahari, mama. Alikaa pale mpaka magharibi akiwa kama mtu aliyedhulumiwa.

Kesho yake ndiyo ilitokea habari ya wali. Kuna mlima unavuka, Wolf Creek Pass, zaidi ya mita 3,300, kisha barabara inateremka kwa kona juu ya kona. Kabla ya kuondoka unatakiwa ukague kila droo na kila kabati, ubane kitasa. Mtu fulani (simtaji, yumo uwanja wa ndege na barua hii mkobani) aliiacha sufuria ya wali wa nazi juu ya jiko kwa sababu ilikuwa bado ya moto. Kona ya tatu sufuria ikapaa. Punje za wali tuliendelea kuziokota mpaka siku ya kurudisha gari, nyingine ndani ya viatu. Usiku huo kipasha joto nacho kikagoma. Nikawapigia waliotukodisha, wakanijibu nisome kijitabu. Nilikisoma huku nikitetemeka. Kinasema wapigie waliokukodisha.

Sasa Mesa Verde, ndiyo hasa iliyonifanya nikae niandike. Maana yake kwa Kihispania ni meza ya kijani, na hiyo mesa ndiyo meza yetu. Sisi neno tulilipata kwa Wareno. Ni mlima mkubwa uliokatwa juu ukawa bapa, na kwenye magenge yake, chini ya vipaa vya mwamba, watu walijenga nyumba za mawe. Kambi iko juu sana, karibu mita 2,400. Mama aliteleka maharage saa tatu asubuhi, saa nane mchana bado yanagonga kijiko. Akaanza kuyatukana, eti ya Kimarekani hayana adabu. Kumbe juu kule maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo yanafoka tu lakini hayaivishi. Tulikula mkate na mayai.

Unakumbuka shuleni walipotupeleka Tongoni? Yale makaburi yenye nguzo, msikiti umebaki kuta, na mwalimu akatuambia watu wake "walitoweka". Na wewe ukanionyesha kwa kidole kaburi lenye ubani na chupa ya marashi, ukauliza kwa sauti kubwa, sasa hii kaweka nani? Ukatolewa nje ya mstari.

Basi nilikukumbuka pale Cliff Palace, moja ya zile nyumba za magengeni. Mama alibaki juu na mtoto, kuna mahali pa kutazamia, sisi tukashuka kwa ngazi na mhifadhi. Vyumba kama 150 vimepangana chini ya mwamba mmoja, na kati yao mashimo ya mviringo yaliyojengewa kwa mawe, kiva, ndipo walipofanyia ibada zao. Nikasogea karibu na ukuta mmoja. Kati ya jiwe na jiwe kuna udongo, na ndani ya udongo wamebana vijiwe vidogo vidogo, na kando ya kila kijiwe kuna alama ya kidole. Shoga, ni kama ukuta wa kukandika wa kwa bibi yako kule Pongwe! Unaona kabisa dole gumba lilipokandamiza, na mstari wa ukucha. Vidole vyembamba, nikajiambia ni vya mwanamke. Ukuta wa miaka ya 1200.

Mtu mmoja kwenye kundi letu akauliza hawa watu walitoweka wapi. Mhifadhi akatikisa kichwa, akasema hawakutoweka. Mwishoni mwa karne ya 13 ukame ulipiga miaka mingi, na shida nyingine juu yake, wakahama kwenda kusini. Wajukuu wao wapo: Wahopi, Wazuni, na watu wa vijiji vya Pueblo kando ya mto Rio Grande. Halafu akatueleza habari ya Gustaf Nordenskiöld, kijana wa Kiswidi aliyechimba hapo mwaka 1891 na kusafirisha vitu, na mifupa ya watu pia, kwa makasha. Walimkamata mjini Durango, wakamwachia kwa sababu sheria ya kumzuia haikuwepo. Vyote vikaishia makumbusho ya Helsinki, Ufini. Hifadhi ilianzishwa 1906, lakini wale marehemu walikaa Ufini mpaka mwaka 2020, ndipo ikarudishwa mifupa ya watu 20 hivi pamoja na vitu walivyozikwa navyo, wakazikwa tena nyumbani.

Nilipompandia mama juu nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na zile bakuli za Tongoni?" Nikakumbuka matundu kwenye makaburi, mahali palipokuwa na bakuli za kichina, zimebanduliwa zimebaki alama za duara tu. Nikamwambia sijui. Akasema, "Unaona."

Siku ya sita tulikwenda Four Corners, mahali majimbo manne yanapokutana. Hapana kitu kikubwa, watu wanapiga picha mguu huku mkono kule. Ila nje kuna akina mama wa Kinavajo, wenyeji wa asili wa huko, wana vibanda, na harufu ikamvuta mama kutoka garini kabla halijazimwa. Mandazi! Mapana kama sahani, lakini mandazi. Akauliza kwa Kiswahili kama mafuta ni ya nguruwe, mimi nikatafsiri, yule mama akacheka akaonyesha dumu la mafuta ya mimea. Akatueleza mwenyewe asili yake: mwaka 1864 jeshi la Marekani lilipowaswaga mababu zao kwa miguu hadi kambi ya Bosque Redondo, mbali na kwao, walikuwa wanagawiwa unga na mafuta, hakuna mahindi yao wala kondoo wao, wakapika walichopata. Mwaka 1868 wakaruhusiwa kurudi. Mama alitafuna taratibu, akamshika yule bibi mkono, akamwambia, "Hongera kwa kurudi." Hiyo sikuitafsiri. Yule bibi alimwekea la pili bure.

Usiku huo, amelala kwenye kitanda cha meza, akaniambia gizani kwamba tangu azaliwe Tanga hajawahi kufika Tongoni. Nilidhani ananitania. Miaka sitini na nne, na ni kilomita ishirini tu!

Kwa hiyo nakuomba, mpeleke. Bajaji itamuumiza magoti, tafuta teksi, hela nimeweka kwenye bahasha ndogo ndani ya mkebe wa kahawa. Chukueni na ubani. Na ukitaka kumwona amekasirika kweli, muulize wali wa nazi ulikuwaje.

Wasalimie wote Barabara ya Kumi na Mbili.

Ni mimi shoga yako.