Saumu, ile hotuba itoe

Berlin, Jumapili usiku

Saumu shoga yangu,

Assalaam alaykum. U hali gani? Mama hajambo? Watoto? Na yule babu wa Magomeni bado anagombana na televisheni? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Najua umeninunia, na una haki. Umeandika, umeandika tena, mimi kimya. Ni hizi zamu za usiku. Nikirudi asubuhi hata kuvua viatu ni kazi. Lakini igizo la wanafunzi wako, lile la Bayume Mohamed Husen, mtu wa Dar aliyeishi Berlin enzi za Hitler, nimelisoma lote, ndani ya treni, mpaka nikapitiliza kituo.

Nakuandikia kwa ajili ya onyesho la nne. Ile hotuba itoe.

Usinirushie kandambili kwanza. Maonyesho matatu ya mwanzo nimeyapenda. Huyo kijana aliyeandika mazungumzo ya pale mkahawani ana kipaji, mwambie nimesema. Ila pale Husen anapowasimamia Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ngumi juu, anapiga kelele "Afrika haitapiga magoti!" na taa zinazimwa, hapo nikafunga karatasi zangu. Haikutokea hiyo, na mkiiweka mnamfuta mtu mwenyewe.

Uliniomba nikutafutie habari zake zote. Haya, kaa kitako.

Kazaliwa hapo hapo Dar es Salaam, 22 Februari 1904, jina la nyumbani Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake Msudani, mwenye cheo katika askari wa Wajerumani. Vita vilipoingia 1914 mtoto ana miaka 10, akafuatana na baba yake jeshini. Oktoba 1917 yuko Mahiwa, upande wa Lindi, akajeruhiwa, Waingereza wakamchukua mateka. Miaka 13, Saumu! Wale wako wa kidato cha kwanza hao. Baadaye akafanya kazi melini, na 1929 akafika Berlin. Mwaka uliofuata akaenda wizara ya mambo ya nje kudai mshahara wa uaskari uliobaki tangu vita, wake na wa baba yake. Wakamjibu kwamba amechelewa.

Mimi igizo ningelianzia hapo kaunta. Mtu katoka Dar mpaka kwa mwenye deni, anadai chake, anaambiwa dirisha limefungwa. Nani kwetu hajawahi kusimama kwenye dirisha hilo?

Basi akakaa. Chuo kikuu alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili, kazi ya heshima kubwa na malipo madogo. Unakumbuka chuoni tulivyosoma habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo? Ni nafasi ya namna hiyo hiyo, mjini humu humu, miaka 30 nyuma. Mtoro alioa Mjerumani mwaka 1904, na alipotaka kurudi nyumbani na mkewe serikali ya koloni ikamzuia kuingia kwa sababu ya ndoa ile. Kwa hiyo wasikudanganye kwamba mambo haya yalianza na Hitler. Husen naye alioa, mke fundi wa kushona, Maria. Tarehe ya ndoa ni 27 Januari 1933. Siku tatu baadaye Hitler akawa kansela, mkuu wa serikali. Hebu fikiria, wali wa harusi haujaisha sufuriani. (Najua, hakukuwa na wali.)

Chuo kilikuwa hakimtoshi, basi akabeba trei kwenye Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz ambalo kila ukumbi ulikuwa na nchi yake: huku Uturuki, huku Japani, huku mbuga za Marekani. Mtu mweusi pale alikuwa sehemu ya mapambo. Mwaka 1935 wahudumu wenzake wakamchongea, akapoteza kazi. Wenzake, waliokuwa wanapokezana naye sahani! Onyesho lenu la pili limeweka Gestapo ndio wanaomfukuza, na hapo pia badilisheni. Utawala ule ulishibishwa na wachongezi. Polisi wa siri hawakuwa wengi kiasi cha kuwa kila mlango, watu wenyewe waliwapelekea majina.

Nina bibi mmoja namhudumia pale kazini, ghorofa ya tatu, ana miaka 95. Siku akili yake imetulia ananipa hadithi kuliko kitabu chochote. Anasema enzi za Hitler, miezi ya baridi, kulikuwa na Jumapili ya chungu kimoja: nchi nzima ipike supu nzito ya chungu kimoja tu, na pesa iliyookolewa apewe mchangishaji anayepita na kopo mlangoni, eti ya kusaidia maskini. Ni hiari, lakini asiyetoa anajulikana. Jumapili moja ilikuwa siku ya kuzaliwa ya baba yake, mama yake akapata kipande cha nyama ya kuoka. Alikunja taulo akaziba nalo chini ya mlango ili harufu isitoke kwenye ngazi, na sufuria ya kabichi akaiacha wazi juu ya jiko kwa ajili ya mwenye kopo. Wakala nyama chumbani, mlango umefungwa, sahani magotini. Bibi anasimulia anacheka, halafu anakatiza cheko na kugeuza shingo kuangalia nyuma yake. Miaka yote hii, bado shingo inageuka.

Kila mtaa ulikuwa na mtu wa chama cha Hitler wa kuangalia kaya 40 mpaka 60. Waambie wanafunzi wamfikirie balozi wa nyumba kumi, ila huyu anaandika nani hakutundika bendera, nani anasalimia "habari za asubuhi" badala ya kumtaja Hitler, na tangu 1939 nani anasikiliza redio ya nje, maana hiyo ilikuwa jela.

Nikamuuliza bibi, ulipokuwa mtoto uliwahi kumwona Mwafrika? Akasema ndiyo, sinema.

Nilinyamaza. Kwa sababu Husen alicheza filamu zaidi ya 20 miaka ile. Watumishi, wapagazi, walinzi wa mlango. Huenda ni yeye bibi aliyemwona... sijui. Na hili ndilo linalonipa tabu, na wewe umeliruka kabisa kwenye igizo. Ya mwisho, ya 1941, ilikuwa ya kumsifu Carl Peters, yule aliyewaanzishia Wajerumani koloni kwetu. Mkono wa Damu! Yule yule ambaye hata serikali ya Kaiser ilimfukuza kazi 1897 kwa ukatili wake Kilimanjaro, na Hitler akamsafisha jina 1937. Mtoto wa Dar es Salaam akacheza kama mwongozaji wake wa safari. Kabla ya hapo alizunguka na maonyesho ya Waafrika, na alivaa sare ya askari kwenye hafla za watu waliotaka makoloni yarudishwe. Vita vilipoanza tena akaomba kujiunga na jeshi lao. Wakamkataa.

Sasa wewe unataka mtu huyo anyanyue ngumi?

Nakujua, umeshavuta pumzi ya kunijibu. Utasema angefanya nini. Kweli, angefanya nini? Watu wa makoloni walinyang'anywa pasi za Kijerumani wakapewa za wageni, kazi hakuna, kusafiri taabu. Sheria za 1935 zilipiga marufuku ndoa kati ya "damu ya Kijerumani" na Wayahudi, halafu zikapanuliwa kwa Waroma (wale wanaoitwa Majipsi) na watu weusi. Mwaka 1937 watoto wapatao 400 wa kule Rhineland, magharibi mwa Ujerumani, ambao baba zao walikuwa wanajeshi weusi wa Ufaransa, walifanyiwa upasuaji kwa siri wasizae. Mtu mwenye watoto machotara nyumbani anasikia hayo, au haambiwi lakini ananusa. Filamu ilikuwa mkate. Na nadhani aliamini kwamba uaskari wake ungemkinga. Hapo ndipo nataka kumshika mabega nimtikise.

Lakini ngoja, medali. Mwaka 1934 ilitolewa nishani ya heshima kwa waliopigana mstari wa mbele katika vita vile vya kwanza. Husen akaomba yake. Alipigana, ana kovu, ana haki. Wizara ikakataa. Unajua alifanya nini? Akajipatia mwenyewe, inasemekana dukani, akaibandika kifuani, akatembea nayo, akapigwa picha nayo. Chini ya Hitler! Mtu mweusi, kifuani nishani waliyosema si yake!

Nimeifikiria hiyo medali wiki nzima. Ni ujinga? Ni ukaidi? Anaitaka heshima ya watu wabaya, sawa, lakini anaichukua bila ruhusa yao. Wewe ungeita upinzani. Mimi kila nikitaka kuliita hivyo naona ile sare na ile filamu, na kila nikitaka kumlaumu naona medali. Labda igizo lisiamue. Wape watazamaji dukani tu: mwenye duka, kabati la kioo, mteja anayehesabu sarafu. Mwenye duka anauliza, "Ni kwa ajili ya nani?" Acha kijana wako mwenye kipaji aandike jibu.

Kama watoto wanataka waliosimama wazi, wapo, usiwanyime. Hilarius Gilges, mcheza dansi mweusi wa Düsseldorf, mkomunisti, waliuawa... samahani, aliuawa (nimechoka) Juni 1933, miaka 24. Na hapa hapa Berlin, mtaa wa Wedding, mtu na mkewe, Otto na Elise Hampel, wafanyakazi wa kawaida. Kaka wa mke alikufa vitani 1940. Wakaanza kuandika kadi za posta kwa mkono za kuwaambia watu wamkatae Hitler, wakaziacha kwenye ngazi za majumba. Zaidi ya 200, kwa miaka miwili. Unajua karibu zote zilikwenda wapi? Polisi. Waliookota walizipeleka wenyewe, wengine mbio, wakiogopa kukutwa nazo. Otto na Elise wakakatwa vichwa gereza la Plötzensee, 8 Aprili 1943. Nilipita kwenye nyumba za mtaa ule jioni moja nikaangalia ngazi zile, nikajiuliza ningeokota kadi ningefanyaje. Jibu sikulipenda.

Tumalize habari ya mwenzetu. Mwaka 1941 kazi ya chuo ikaisha kwa kutoelewana. Agosti mwaka huo Gestapo wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakauita kuchafua damu. Ndiyo, alikuwa na mke, na hapo Maria ana kesi yake ambayo mimi siingilii. Kosa lenyewe kwao lilikuwa rangi. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na akafia humo 24 Novemba 1944, ana miaka 40.

Nilikwenda. Ni treni ya kawaida tu, unashuka Oranienburg unatembea kwa miguu, unapita nyumba za watu, maua dirishani, mtoto na baiskeli. Ndani kuna njia iliyozunguka uwanja wa kuhesabia watu, imemwagwa vipande vipande: changarawe, mchanga, mawe, saruji. Wafungwa walitembezwa hapo mpaka kilomita 40 kwa siku kujaribu soli za viatu kwa ajili ya viwanda. Sina ushahidi kwamba Husen alitembezwa hapo, kwa hiyo usiweke. Lakini nilikanyaga ile changarawe kidogo nikatoka.

Mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstrasse 193, kuna kibamba kidogo cha shaba cha kumkumbuka kwenye njia ya miguu, kiliwekwa 2007. Picha nitakutumia, safari iliyopita kulikuwa na gari limeegeshwa juu yake karibu.

Sasa nijibu. Mkuu wa shule amekubali neno "kuchafua damu" litamkwe jukwaani, au atataka mlifiche? Nani anacheza Maria, na ana maneno mangapi? Mimi nimehesabu machache mno. Watoto wanajua kwamba Sanamu ya Askari pale mjini Waingereza waliiweka kwa ajili ya askari wa upande wao, na Husen alikuwa upande wa pili? Wapeleke. Babu wa Magomeni, baba yake si alikuwa askari? Wa nani? Aliwahi kulipwa? Muulize kabla televisheni haijawashwa. Na hotuba, unaitoa au hutoi? Ukikataa niambie sababu, nitakusikiliza, ila ile ngumi angalau ishuke.

Zawadi ya Mwanahawa nimempa Shaibu, anakuja mwezi ujao, asikudanganye kwamba mzigo ulizidi kilo. Na shangazi yako wa Tandale bado anasema nimeolewa na Mjerumani? Mwambie nikimpata atakuwa wa kwanza kuletewa kadi, na achange.

Wako,
Rukia

Medali msiitengeneze kwa kizibo cha soda. Nitawatumia mchoro, ni msalaba mdogo tu, kadibodi na rangi vinatosha.