Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Namba ile ina mwenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Naanza kwa salamu kutoka Makorora, Tanga. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza samaki wa kukaanga. Kila alfajiri niko Deep Sea mnadani, na nikitoka nyumbani nabeba kitochi. Simu janja naiacha, kwa sababu kazi za masomo za mwanangu wa darasa la sita hutumwa kwenye grupu la WhatsApp, na namba iliyomo humo ni yangu.

Mwaka jana mtu alianza kumwandikia mwanangu pembeni kupitia namba hiyo. Alijiita kaka wa darasa la saba. Kwanza alimrushia bando. Kisha akaomba picha akiwa na sare, halafu picha akitoka kuoga. Mtoto alipokataa, akatishiwa kwamba mazungumzo yote atapelekewa mwalimu. Siku ya mwisho ulikuja ujumbe wa sauti, nayo ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima. Mwanangu aliacha kula. Dada yake ndiye aliyegundua, akapiga picha ya skrini kabla mdogo wake hajafuta kila kitu, akanifuata hadi kikaangoni.

Nilikwenda kushitaki. Ofisi siitaji. Swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa: "Mama, wewe ulikuwa wapi?" La pili: "Kwa nini ulimwachia mtoto simu?" Nikaambiwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nilikuwa nimeikunja karatasi yenye ile namba mkononi, nikarudi nayo hivyo hivyo.

Mheshimiwa, sikatai wajibu wangu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 9, inamtaka mzazi amkinge mtoto na hatari za kimwili na za kimaadili, na naona ni haki. Mwanangu sasa anatumia simu nikiwa nimekaa naye, usiku, hata nikiwa nasinzia kwa uchovu. Tumekubaliana kwamba akiandikiwa na mtu asiyemjua ananiita, na hagombezwi. Hayo ni yangu na nitayafanya.

Lakini kuna jambo ambalo mzazi hata akeshe hataliweza, nalo ni kumjua mwenye namba. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Tulipanga foleni, wengine tukarudishwa mara mbili kwa ajili ya kitambulisho cha NIDA, na ilipofika Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Basi jina na kidole cha aliyesajili laini ile vimehifadhiwa mahali. Mimi siruhusiwi kuvitazama, na ni sawa nisiruhusiwe. Serikali inaweza. Huo ndio wajibu ambao hauwezi kurudishwa kwangu.

Najua wapo wanaotaka tuwafungie watoto mitandao moja kwa moja, kama Australia ilivyofanya tarehe 10 Desemba 2025 kwa walio chini ya miaka 16. Nimeipenda sehemu moja ya sheria yao: faini inaikuta kampuni ya mtandao, mtoto na mzazi hawaguswi. Ila umri huo hapa kwetu utapimwa kwenye simu ya nani? Akaunti aliyotumia mwanangu ni yangu, na mimi nina miaka 38. Sheria ya namna ile ingetupita wengi wa Makorora bila hata kutuona.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Anayechapisha picha za ngono za mtoto kwa kompyuta anaweza kufungwa miaka isiyopungua 7. Ni adhabu nzito, lakini inaanza kufanya kazi pale mtu anapoipokea karatasi yangu. Naomba utoe mwongozo kwa kila dawati la jinsia na watoto na kila ofisi ya ustawi wa jamii: swali la kwanza liwe "namba ipi?", na mzazi aondoke na namba ya jalada siku hiyo hiyo. Mkae na wenzenu wa mawasiliano ili laini iliyoripotiwa isichukue miezi kufuatiliwa. Shule nazo zielekezwe kutumia njia za kutuma ujumbe bila namba za wazazi kuonekana kwa kila mtu. Njia hizo zipo na hazina gharama ya ziada.

Na tangazeni 116. Ni namba ya bure ya msaada kwa mtoto, nami niliisikia kwa jirani, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Ibandikwe Mgandini sokoni, stendi, kwenye milango ya madrasa.

Mwanangu anakula tena. Ile namba nimeinakili nyuma ya daftari la madeni, na picha ya skrini ninayo. Nikiitwa, nitakuja navyo vyote viwili.

Mama muuza samaki,
Makorora, Tanga