Stima ya bei nafuu ni ya usiku, na usiku geti limefungwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Mie ni dereva wa teksi hapa Mombasa, naendesha gari ya stima, hizi Nissan Leaf za mtumba kutoka Japani, na gari yenyewe sina neno nayo maana petroli ndo ilikuwa inanimaliza. Shida yangu ni kuchaji. Si kwamba chaja hakuna kabisa, ni kujua uende ipi na uende saa ngapi.

Juzi nimeshusha mteja Bamburi, betri iko asilimia 14. Kufungua simu, programu yaniambia upande wa Nyali kuna chaja iko wazi, alama kijani kabisa. Nikazima AC nikashusha vioo nikaenda pole pole kama niliyebeba trei za mayai, kufika, skrini nyeusi tititi, na soja hata kitini hakuinuka, "Hiyo imekufa tangu Jumatatu, kaka." Tangu Jumatatu, na siku hiyo ni Alhamisi! Nikaelekezwa nyingine, nayo plagi yake ni aina ya CCS2 na gari yangu yataka ile ya Kijapani, CHAdeMO, haziingiliani. Mwisho nikaenda kwa rafiki nikachomeka kwa soketi ya ukutani, ile yatia uniti mbili na kitu kwa saa, na betri yangu ni ya uniti 40, sasa piga hesabu nilikaa hapo mpaka lini. Kazi ya siku ikaishia hapo.

Lakini lililonifanya niandike ni bei. Tangu 2023 EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya stima na mafuta, ilitenga bei ya kuchaji magari ya stima, shilingi 16 kwa uniti, na kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi yashuka hadi 8, hapo bado tozo na ushuru. Sababu yaeleweka, usiku watu wamelala na mvuke wa ardhini wa Olkaria unaozalisha stima watoka tu vile vile, heri utumike. Mie nikijaza kutoka asilimia 20 hadi 80 ni uniti 24, kwa bei hiyo mchana ni 384, usiku 192. Sasa chaja ninazozijua mie ziko ndani ya paking za maduka, na ikifika saa nne soja ashatia kufuli geti. Na ukienda mchana au jioni watozwa bei ile ile, hakuna hata kibao cha kukwambia ya usiku ni ngapi. Hiyo nafuu yamfikia nani?

Kuna watakaosema nichaji nyumbani. Nakaa orofa ya tatu Kisauni, nishushe waya dirishani upite juu ya vibanda vya mama mboga? Na mita ya nyumba haijui usiku wala mchana, bei ni moja.

Usiku una faida nyingine ambayo wageni wa hizi gari hawaijui. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, na kwa jua letu hili la Januari ukiikimbiza trip tatu kisha uipachike kwa chaja ya kasi saa saba mchana, gari yenyewe hukataa kupokea stima kwa haraka. (Na wewe unayengoja mpaka asilimia 100 kwa chaja ya kasi, baada ya 80 inajaa kwa kujivuta tu, toa gari wenzako wako foleni.)

Wenye chaja nawaomba muache geti dogo wazi usiku, mlinzi si mshamlipa tayari? Na kwa simu muandike ukweli, iko nzima leo au mbovu, plagi gani, wangapi wanangoja, bei ya saa hii ni ngapi. Kwa sasa grupu yetu ya WhatsApp ya madereva ndo yanisaidia, mtu akipita mahali arusha picha ya skrini.

Jana usiku mwenzangu karusha ya ile chaja ya upande wa Nyali. Bado nyeusi.

Dereva wa teksi,
Kisauni, Mombasa