Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Damu Iwe Jokofuni Kabla Mgonjwa Hajafika

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawashukuru kwa kuitikia mwito wa mkutano huu. Mapato, matumizi na hesabu ya chupa za damu mlizochangia vimo katika taarifa za mweka hazina na katibu, kwa hiyo sitavirudia. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotuumiza kichwa mwaka mzima, kisha nitawaomba mpitishe azimio.

Jambo lenyewe ni zile simu za usiku. Mnazijua. Mgonjwa yuko mahututi, ndugu zake wamepata namba ya mmoja wetu, ujumbe unarushwa: "Anahitajika mtu wa O hasi, haraka sana." Nanyi, kwa moyo mlio nao, mnaamka. Nami huamka. Usiku mmoja nilifika nikihema, nikawakuta wenzetu wanne wamenitangulia, mikono ya mashati imekwisha kukunjwa hadi juu ya viwiko. Mhudumu wa benki ya damu alitupokea kwa heshima, akatukalisha kwenye benchi, akatuambia kwa upole: "Asanteni sana, lakini damu mtakayotoa sasa haitamfikia huyu mama usiku huu."

Alisema kweli. Damu ikitoka mkononi haiendi moja kwa moja kwenye mshipa wa mgonjwa. Hupimwa kundi, hupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa hizo. Anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Yule alipona, wala si kwa damu ya yeyote kati yetu tuliokaa pale. Alipona kwa chupa zilizokuwa jokofuni tangu siku nyingi, zilizotolewa na watu waliokwenda zao kazini na nyumbani, ambao hawatajua kamwe kwamba ni wao. Maneno ya mhudumu yule ndiyo yaliyoiongoza kamati katika kila tulilolifanya tangu wakati huo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima upya makundi ya damu ya wanachama waliokuwa tayari. Wapo waliouliza kuna haja gani, kwani kila mtu ana kadi yake. Waliohudhuria waliiona haja hiyo kwa macho. Mtaalamu wa maabara aliweka matone matatu ya damu ya mwenzetu mmoja kwenye kigae cheupe. La kwanza akalitia dawa ya kupimia A, la pili dawa ya B, la tatu dawa ya D, ile inayoonyesha kama mtu ni Rh chanya au hasi, yaani kama chembe zake nyekundu zina alama ya D au hazina. Akakoroga kila tone kwa kijiti chake, akakiinua kigae na kukiyumbisha taratibu huku na huku. Tone la kati likabaki laini. Lile la kwanza likaanza kukatika kama maziwa yaliyoharibika juu ya moto, vipande vyekundu upande huu, majimaji upande ule. La tatu nalo likafuata. Mwenzetu ni A chanya. Kadi yake ilisema O chanya, naye alikuwa akijaza O katika kila fomu tangu alipomaliza shule.

Naomba mtu asitoke hapa na hofu kwa habari hiyo. Hakuna mgonjwa anayewekewa damu kwa kutegemea kadi. Damu ya mtoaji hupimwa, ya mgonjwa hupimwa, kisha sampuli za wote wawili huchanganywa ili kuhakikisha zinapatana. Hatari kubwa iliyobaki ni ya jina, si ya maabara: sampuli ya huyu kubandikwa lebo ya yule, au chupa sahihi kupelekwa kitanda kisicho chake. Makosa ya kuwekewa damu ya kundi lisilofaa hutokana zaidi na mkanganyiko wa namna hiyo. Kwa hiyo muuguzi akikuuliza jina lako mara tatu, tafadhali mjibu mara tatu bila kuudhika.

Wa kwanza kuuelewa mgando ule wa kwenye kigae ni daktari Karl Landsteiner, huko Vienna. Alichanganya damu yake na ya wenzake wa maabara, akagundua kwamba nyingine hupatana na nyingine hugombana, na mwaka 1901 akatangaza makundi matatu. Mwaka uliofuata wenzake wakaongeza la nne, AB. Kabla yake kumwongezea mtu damu kulikuwa kama kurusha shilingi. Daktari James Blundell wa London alikuwa akijaribu tangu 1818. Baadhi ya wagonjwa walipona, wengine walifariki, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, nayo tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani. Nitairudia tarehe hiyo, kwa kuwa imetuletea tatizo.

Kwanza nieleze upatanifu wenyewe, maana maswali mengi mliyoniletea yalihusu hapo. Tofauti ya makundi ni sukari ndogo iliyo juu ya chembe nyekundu. Mtu wa A ana sukari yake, wa B ana yake, wa AB ana zote mbili, wa O hana hata moja kati ya hizo. Na mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya ile usiyokuwa nayo. Mimi wa kundi B nina kingamwili zinazoishambulia A, nazo zimo mwilini mwangu tangu utotoni ingawa sijawahi kuwekewa damu ya mtu. Nikiwekewa chembe za A, kingamwili hizo zitazipasua ndani ya mishipa yangu. Mgonjwa wa namna hiyo hushikwa na homa na kutetemeka, mgongo humuuma, mkojo hugeuka rangi nyeusi, figo zinaweza kusimama. Mililita chache tu zinatosha kuanzisha hayo.

Ndiyo maana mtu wa O anaweza kuwapa wote chembe zake nyekundu, lakini yeye mwenyewe hupokea za O tu. A humpa A na AB, B humpa B na AB, na AB hupokea kutoka kwa kila mtu. Juu ya hayo weka Rh: mwenye Rh hasi asipewe chembe za chanya ila pale maisha yanapokuwa hatarini na hasi haipo, na hapo madaktari humwonea hadhari zaidi msichana au mwanamke ambaye bado atazaa. Kwa plazima, yaani yale majimaji, mpangilio unageuka chini juu. Plazima ya AB haina kingamwili hizo, kwa hiyo ndiyo inayomfaa kila mgonjwa. Nalisema hili kwa ajili ya wenzetu wa AB, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiniambia kwamba damu yao haina kazi. Ina kazi, tena kubwa. Njooni.

Kuna imani moja nataka tuiage leo: kwamba damu bora ni ya ndugu. Mtoto anaweza asifanane kundi na mama yake wala na baba yake. Baba wa A na mama wa B wanaweza kupata mtoto wa O. Hata makundi yakifanana, damu ya ndugu wa karibu ina hatari yake, kwani chembe nyeupe za mtoaji zinaweza kupenya bila kutambuliwa na mwili wa mgonjwa, zikakaa na kuushambulia. Ni nadra, lakini ikitokea huua mara nyingi, ndiyo sababu damu ya ndugu hupigwa mionzi kwanza. Na mume anayetaka kumpa damu mke wake ambaye bado anatarajia kuzaa naye, heri aiweke benki imfae mgonjwa mwingine. Mwili wa mke unaweza kutengeneza kingamwili zitakazokuja kumgeukia mtoto wao tumboni. Damu ya mtu usiyemjua, iliyopimwa na kutulia jokofuni, ndiyo zawadi iliyo salama zaidi.

Sasa tarehe 14 Juni. Chama chetu kimekuwa kikijivunia siku hiyo, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wakijivunia. Tunavaa fulana, tunajipanga foleni, benki inajaa. Lakini fanyeni nami hesabu. Chembe nyekundu huhifadhiwa siku 42 kwa dawa nzuri za sasa, 35 kwa nyingine. Hizo ni wiki sita, au tano. Mwanamume hushauriwa apumzike wiki 12 kabla ya kutoa tena, mwanamke wiki 16. Tukitoa sote siku moja, damu yetu yote inafikia mwisho wiki ya sita, na hakuna hata mmoja wetu anayeruhusiwa kurudi kwenye kiti mpaka wiki ya 12. Katikati kuna wiki sita ambazo chama kizima hakiwezi kumpa mgonjwa chupa moja. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ndizo zenye haraka zaidi, kwani hukaa siku tano hadi saba tu, tena kwenye joto la kawaida huku zikitikiswa mfululizo, na wagonjwa wa saratani huzihitaji kila wiki ya mwaka. Sikulala vizuri siku nilipoichora hesabu hiyo kwenye karatasi. Tulikuwa tunafanya jambo jema kwa namna iliyowaacha watu mikono mitupu.

Wenye O hasi ndio tuliowachosha kuliko wote. Simu ikilia wanaitwa wote, wanatoa wote, kisha kwa miezi mitatu hatuna hata mmoja wa kumtegemea. Na mara nyingi mgonjwa mwenyewe alikuwa A chanya au O chanya, ila aliyepiga simu alisikia tu kwamba O hasi "inamfaa kila mtu". Damu hiyo iachwe kwa mgonjwa ambaye kundi lake halijajulikana na hawezi kusubiri, na kwa mwenye O hasi ambaye hana pengine pa kukimbilia.

Wapo pia wagonjwa wasioonekana kwenye simu za usiku kabisa: watoto wenye selimundu, au siko seli kama wengi wetu tunavyoiita, na wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Wengine huwekewa damu kila baada ya wiki tatu au nne. Mwili unaokutana na damu ya watu wengi hivyo huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya makundi madogo, kama Kell, Duffy na Kidd. Leo mifumo ya makundi ya damu inayotambuliwa inazidi 40, na mtoto mwenye kingamwili kadhaa anaweza kutafutiwa chupa moja kwa siku nyingi. Anayemfaa ni mchangiaji wa kila mara ambaye makundi yake madogo yamekwisha kupimwa na kuandikwa. Mtu anayekuja mara moja kwa ajili ya shangazi yake hawezi kuwa huyo.

Mfano ninaoupenda ni wa James Harrison wa Australia, aliyefariki mwaka 2025. Plazima yake ilikuwa na kingamwili ya kutengenezea sindano ya kinga ya D, ile apewayo mama mwenye Rh hasi akiwa na mimba na ndani ya saa 72 baada ya kumzaa mtoto aliye chanya, ili mimba zifuatazo zisidhurike. Alitoa mara 1,173, tangu kijana hadi alipofika miaka 81, na sindano aliiogopa maisha yake yote. Aligeuza uso pembeni kila walipomchoma. Hakuna aliyempigia simu usiku. Alikuwa na siku yake, akaenda.

Neno kwa waliorudishwa mwaka huu. Kurudishwa kwa sababu wingi wa damu haukufika kiwango, au uzito haukufika kilo 50, si aibu wala si adhabu. Mililita 450 unazotoa huondoka na madini ya chuma ambayo mwili huchukua wiki nyingi kuyarejesha, na benki inayokurudisha inakulinda. Kwa uzito huohuo nasema juu ya dodoso: lijibuni kweli. Mtu aliyeambukizwa VVU juzi anaweza kupimwa leo na kipimo kisione. Asitumie benki ya damu kama mahali pa kujipima. Akisita, anyamaze na aondoke, hatutamuuliza.

Azimio tunaloleta ni hili. Wanachama tugawanywe katika makundi 12 kulingana na miezi, kila kundi likichanganya A, B, AB na O, na wenye O hasi wakitawanywa kwa mashauriano na benki yenyewe. Mwanamume atakuja hadi mara nne kwa mwaka, mwanamke hadi mara tatu. Tarehe 14 Juni tutaendelea kuiadhimisha kwa kuelimisha watu na kuandikisha wapya, na watakaotoa ni wale ambao zamu yao imefika. Na simu za usiku zitapelekwa kwanza benki ya damu. Mwanachama ataamshwa pale benki itakapomwomba kwa jina.

Najua kipengele hicho cha mwisho kitawauma baadhi yenu, kwa sababu kukimbia usiku kunakufanya uone kwamba umefanya kitu. Kiliniuma na mimi. Kadi za zamu ziko mezani kwa katibu, kila moja ina mwezi wake, na yangu nimeshaichukua: ni ya Agosti.

Naomba kuwasilisha.