YAH: MALALAMIKO KUHUSU SEHEMU YA TATU YA GEMU YENU KUZISAHAU MBILI ZA KWANZA

Kwa Mkurugenzi wa Utengenezaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, kama mteja wa sehemu zote tatu. Ahadi iliyoandikwa kwenye ukurasa wenu wa mauzo mnaijua: maamuzi ya mchezaji yangeendelea kutoka sehemu moja hadi nyingine. Sevu ya sehemu ya pili, yaani faili linalotunza alichokwisha kufanya mchezaji, ilipakiwa, na skrini ikathibitisha kuwa imepokelewa. Kisha, kwenye lango la mji wa kaskazini, yule mpiga upinde aliyeandamana na mchezaji tangu sehemu ya kwanza, ambaye kumwokoa kuligharimu ngome nzima, anageuka na kuuliza: "Mgeni, unatafuta nini?" Dirisha la duka linafunguka. Anauza mishale.

Sipingi mabadiliko. Fallout ya 1997 ilichezwa kwa zamu, ukiitazama kutoka juu. Fallout 3 ya 2008 ikakufanya uone kwa macho ya mhusika mwenyewe. Lakini zile sifa saba za mhusika, kuanzia nguvu hadi bahati, zilibaki, na Pip-Boy, kompyuta yake ndogo, ikabaki mkononi. Baldur's Gate 3 ya 2023 iliacha mapigano ya papo hapo na kuchukua ya zamu, na bado unaongoza kundi la watu wenye misimamo yao, wanaoweza kukukasirikia na kuondoka. Hata wimbo mkuu wa Morrowind ya 2002 unasikika tena ndani ya ule wa Skyrim ya 2011, gemu ya mfululizo huo huo wa The Elder Scrolls. Badilisheni kamera, badilisheni mapigano. Alichokitenda mchezaji msikiguse.

Wala kazi yenyewe si ya miujiza. Kinachohama na sevu ni orodha ya alama: nani yu hai, nani alisalitiwa, ngome ipi ilianguka. Mwandishi anaweka sharti mbele ya mazungumzo: kama ni rafiki, aseme hili, kama waligombana, aseme lile, kama alikufa, nafasi yake ishikwe na mwingine. Wrex, mmoja wa wenzake mchezaji, akifa kwenye sayari ya Virmire katika Mass Effect ya 2007, ukifika Tuchanka, sayari ya kwao, katika ile ya 2010 unamkuta ndugu yake Wreav kwenye kiti chake. Na asiye na sevu? The Witcher 3 ya 2015 ilimaliza tatizo hilo kwa Geralt, mhusika mkuu, kuulizwa mambo ya nyuma huku akinyolewa ndevu. Maswali machache, basi.

Kwenu jina na sura ya mhusika vilihama, kwa hiyo faili lilisomwa. Nimepakia sevu mbili zinazopingana, moja ameokolewa, nyingine ameachwa kwa maadui. Maneno ni yale yale, herufi kwa herufi. Alama zipo, ila hakuna mazungumzo yanayoziuliza.

Narudi langoni, maana hapo ndipo mlipotudharau. Kovu la shavuni, alilolipata akimkinga mchezaji katika sehemu ya pili, lipo, tena limechorwa vizuri kuliko zamani. Mchoraji wenu alikumbuka kovu. Aliyeandika maneno hakukumbuka lilitoka wapi. Mchezaji anasimama mbele ya kovu hilo na kupewa majibu matatu: nunua, uza, ondoka. Hakuna hata la kutaja jina lake! Anaitwa mgeni na mtu aliyemwaga damu kwa ajili yake.

Na huduma kwa wateja wakajibu kwamba gemu "inafanya kazi kama ilivyokusudiwa", wakafunga malalamiko. Kabla ya hapo walikwisha kunielekeza kwenye kurudishiwa pesa, wakati masharti yenu yanataka gemu iwe imechezwa chini ya saa 2, na lango hilo halifikiwi mapema kiasi hicho. Sitaki hata kuanza habari ya majambazi wanaopanda levo kila mchezaji anapopanda. Kosa hilo Oblivion, ya mfululizo wa The Elder Scrolls, ililaumiwa nalo tangu 2006, majambazi wa barabarani walipovaa mavazi ya vita ya kioo, yaliyo ya thamani kubwa.

Naomba apdeti itakayounganisha alama hizo na mazungumzo ya wenzake wote wa zamani wa mchezaji, kwa maandishi tu kama sauti ni gharama. Naomba pia wanaotaka pesa zao warudishiwe bila kujali saa walizocheza. Na si ombi tena: ahadi ile iondolewe kwenye ukurasa wa mauzo leo, maana mnaendelea kuuzia watu kitu kisichokuwemo. Zikipita siku 30 bila hatua, barua hii, pamoja na video za sevu zote mbili, itapelekwa Tume ya Ushindani, na nyongeza mliyoitangaza sitainunua.

Nasubiri majibu ya maandishi kutoka kwa mtu aliyeicheza sehemu ya pili hadi mwisho.

Wako mteja,
Dar es Salaam