Salamu za Shukrani za Familia ya Marhum Maalim, Wete, Pemba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marhum mzee wetu, ambaye watu wa Wete na Micheweni walimwita Maalim bila ya kuhitaji jina jengine, pamoja na mama yetu aliye edani, tunatoa shukrani kwa wote waliosimama nasi tangu alipoanza kuugua hadi tulipomzika, na kwa wale ambao hadi leo wanafika nyumbani kutuhani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Tuanze na vijana waliochimba kaburi, kwani wao ndio wanaotudai zaidi. Mvua ya masika ilinyesha usiku kucha, na alfajiri kaburi lilikutwa limejaa maji ya magoti. Wawili wakaingia ndani wakiyateka kwa ndoo na kopo la rangi, wenzao wakishika turubali juu yao, na hawakutoka mpaka mwanandani ulipofaa kulazwa mtu. Hatukuwaita; tulipofika tuliwakuta. Wengi wao hawakuwahi kusomeshwa na Baba, bali wazazi wao ndio waliosomeshwa.

Tunawashukuru pia waliomuosha na kumkafini, imamu na maamuma waliomsalia, sheha wetu, madaktari na wauguzi waliomhudumia, na kina mama wa mtaani ambao kwa siku tatu hawakuuacha moto wa mafiga uzimike. Jamaa waliovuka kutoka Unguja bahari ikiwa imechafuka, na walioko Maskati, Dubai na London waliomsomea khitma huko huko, tunawaombea kila la kheri. Hatuwezi kumtaja kila mmoja, na ambaye hakujiona katika maneno haya tunamuomba atusamehe.

Baba alisomea ualimu katika Chuo cha Nkrumah, Beit el Ras, akarudi kwao Pemba na kufundisha hesabu kwa zaidi ya miaka 30. Milango ya biashara ilipofunguliwa Zanzibar katika miaka ya 1980, naye akiwa na watoto sita na mshahara uliokuwa ukiisha kabla ya mwezi kwisha, alifungua duka la dirisha moja: sukari, unga wa ngano, mafuta ya taa, na baadaye kanga. Asubuhi alikuwa skuli, baada ya Alasiri alikuwa dukani. Sukari ya robo aliifungia karatasi za madaftari ya zamani ya wanafunzi wake, lakini usiku kabla ya kuzichana alizipitia moja moja, na ukurasa wa mtoto aliyekosa hesabu aliutia motoni. Hakutaka mtu afungue sukari nyumbani kwake akayaona makosa ya mtoto wa jirani. Sisi tulidhani ni uchaguzi tu wa karatasi. Mama ndiye aliyetueleza, wiki hii.

Alikuwa pia na mikarafuu yake Mtambwe. Msimu mkubwa, skuli zilipofungwa ili wanafunzi wakachume, somo lilihamia kwenye majamvi. Aliwauliza: kilo tatu za karafuu mbichi zikikauka hubaki kama kilo moja, je, mbili zimekwenda wapi? Aliyejibu "jua limezila" alipewa embe kwanza, kisha akafundishwa sehemu na asilimia. Karafuu yake hakuipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kabla ya kuivunja punje kwa kucha na kuisikia inalia. Iliyopinda bila ya kuvunjika ilirudi juani, hata foleni ya kituoni ikiwa fupi na sisi tukiwa na hamu ya viatu vya Sikukuu.

Watu wengi wametuuliza alikuwa na wakati gani na nyumba yake. Alikuwa nao. Kabla ya waya wa umeme wa chini ya bahari kufika Pemba kutoka Tanga mwaka 2010, usiku wetu mwingi ulikuwa wa kandili, na baada ya Isha alifunga duka, akaiweka kandili katikati ya ukumbi na kutuzungusha sote, wakubwa kwa wadogo, kila mtu na daftari lake. Mama alikuwa akisuka ukili pembeni, na Baba hakula mpaka mama naye amekaa kula. Hili hatukuliona kuwa jambo mpaka tulipooa na kuolewa.

Limebaki suala la madeni. Baada ya sala ya jenazi kaka yetu mkubwa alitangaza kwamba mwenye kumdai marhum atufikie, na tunalirudia tangazo hilo hapa: mwenye dai aje kabla ya arubaini, kwani mirathi haitagawiwa mpaka kila deni limelipwa. Kwa upande wa wanaodaiwa, tumelikuta daftari lake la duka, limeandikwa kwa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Pembeni mwa majina kadhaa ameandika neno moja tu, "asiulizwe". Warithi sote, mama akiwa wa kwanza kukubali, tumeyafuta majina hayo bila ya kuyasoma kwa sauti, na hakuna atakayeulizwa. Waliobaki, ambao ni wachache na wenyewe wanajijua, wanaweza kulipa kidogo kidogo kama walivyokuwa wakilipa. Duka litafunguliwa tena Jumamosi, baada ya Alasiri, kwa dirisha lile lile.